Masikio ya Mlengaji: Kumbukumbu za Ukufunzi na Uchaguzi wa Vikinga-Masikio

Kelele nyingi zinazoharibu usikivu wa binadamu hufanya hivyo polepole, kwa miaka, kama zifanyavyo mashine za kusaga na majenereta yanayonguruma kutwa kucha, ilhali mlio wa bunduki unaweza kuleta madhara ya kudumu kwa pigo moja lisilofikia hata muda wa kupepesa jicho. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa vikinga-masikio, yaani vikombe viwili vilivyounganishwa kwa utepe wenye springi unaopita juu ya kichwa na kuvibana juu ya masikio, ni jambo zito zaidi kwa mlenga shabaha kuliko kwa fundi wa kiwandani: fundi akivivua kwa dakika moja hupoteza sehemu ndogo ya kinga yake ya siku nzima, na mlengaji akivivua kwa sekunde moja isiyostahili anaweza kupoteza kitu kisichorudi. Kumbukumbu zinazoelezwa hapa ni za mwandishi aliyewafundisha askari wa wanyamapori matumizi ya silaha nchini Tanzania kwa miaka mingi, na kutokana nazo amefikia hukumu moja, kwamba kikinga kinachofaa ni kile kinachoziba sawasawa juu ya kichwa cha anayekivaa, kikapatana na bunduki anayoitumia, kikabaki mahali pake kila risasi inapotoka, na kwamba namba iliyochapwa kwenye boksi huja baada ya hayo yote.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo kinachopanda kwa kuzidisha wala si kwa kujumlisha, kwa kuwa kila desibeli 3 zinapoongezeka nishati ya sauti huwa maradufu, na zinapoongezeka desibeli 10 nishati hiyo huwa mara kumi ya ilivyokuwa. Mazungumzo ya kawaida hufikia karibu desibeli 60. Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza kwamba mfanyakazi asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na kwamba kila kelele inapopanda kwa desibeli 3 muda huo upunguzwe kwa nusu. Milio ya ghafla hupimwa kwa njia nyingine, kwa kuangalia kilele cha shinikizo, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho wimbi la hewa hukifikia kabla ya kushuka, na mpaka unaotajwa na wengi ni desibeli 140 kwa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani limeushusha hadi 120 kwa watoto, na Kenya iliuweka mpaka wa 140 katika kanuni zake za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005. Bunduki ndefu ya .22, ambayo ni ndogo kuliko zote zinazotumika sana katika mchezo wa kulenga shabaha, hukaribia mpaka huo. Bastola ya milimita 9, shotigani ya geji 12 na ile bunduki ambayo Watanzania huiita SMG, yaani AK-47 na jamaa zake, zote huuvuka kwa desibeli 10 hadi 20, na bunduki nzito za wanyama wakubwa kama .375 na .458 hazibaki nyuma yao. Desibeli 160 ni shinikizo la paskali 2,000, ambalo ni mara kumi ya shinikizo la mpaka wenyewe.

Nyuma ya ngoma ya sikio na vifupa vitatu vinavyopokezana mtetemo kuna kiungo kidogo kilichojisokota, kiitwacho koklea, chenye majimaji na seli zipatazo 15,000 zilizoota vinyweleo, na ni vinyweleo hivyo vinavyougeuza mtetemo kuwa ishara ya kupelekwa kwenye ubongo. Kwa binadamu, kama kwa mamalia wengine, seli hizo zikifa hazioti tena. Sikio lina kinga yake ya asili, msuli mdogo unaokaza vifupa ili visipokee mtetemo mkubwa, lakini msuli huo huhitaji makumi ya milisekunde kukaza, na wakati mwingine zaidi ya mia moja, ambapo kilele cha mlio wa bunduki kimekwisha kupita na kufanya kilichofanya. Uharibifu huanzia kwenye sauti nyembamba, hasa zile za karibu hezi 4,000, na ndiyo maana mwathirika huendelea kusikia ngurumo za magari na sauti nzito za wanaume huku akianza kupoteza sauti za s, sh, f na th zinazotenganisha neno na neno. Mtu wa namna hiyo hasemi kwamba hasikii. Husema kwamba vijana wa siku hizi wanamumunya maneno, na huweza kuishi na maelezo hayo kwa miaka kabla ya kupelekwa kupimwa.

Miongoni mwa askari wakongwe ambao mwandishi aliwakuta alipoanza kazi ya ukufunzi kulikuwa na tabia ambayo vijana waliichukulia kuwa ni ya utu uzima tu, nayo ni kwamba mtu akizungumza nao waliinamisha kichwa na kumwelekezea sikio la kulia. Chanzo chake ni namna bunduki ndefu inavyoshikwa. Anayetumia mkono wa kulia huweka kitako kwenye bega la kulia na kuulaza uso wake upande huo, hivyo sikio la kulia hupata kivuli cha kichwa, ilhali sikio la kushoto huelekea mbele, karibu zaidi na mdomo wa mtutu ambako gesi ya baruti hutoka kwa kishindo; madaktari wa masikio wanaijua tofauti hii kwa walenga shabaha wa bunduki ndefu, na kwa wanaotumia mkono wa kushoto mambo hugeuka. Wazee wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wamefundishwa kwamba masikio huzoea, na kwamba anayeyaziba mbele ya wenzake ni mtu wa moyo mdogo, na kwa kuwa mvumo wa masikioni uliwatoka baada ya siku moja au mbili, kila mmoja wao alikuwa na ushahidi wake mwenyewe kwamba amepona.

Ushahidi huo ulikuwa wa uongo, na jambo hili linastahili kusemwa kwa nguvu zote kwa kila anayeingia renjini, kama askari wanavyouita uwanja wa shabaha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kwamba baada ya kelele kubwa kiwango cha usikivu kinaweza kurudi kama kilivyokuwa, huku viungio vingi kati ya seli za koklea na mishipa ya fahamu vikiwa vimepotea moja kwa moja, na hivyo kipimo cha kawaida kikaonyesha sikio zima mahali ambapo pana jeraha. Wakufunzi wa kwata hupenda kuwaambia makuruta wakaidi kwamba kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni, na mwandishi amewasikia wengi walioondoka na imani kwamba pasipo damu hakuna lililoharibika. Historia ya silaha yenyewe inawakanusha. Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani aliyebuni jijini London mwaka 1884 bunduki iliyojipakia risasi kwa nguvu ya msukumo wake, ile ambayo Kiswahili cha zamani kiliiita bombomu, alizeeka akiwa kiziwi kwa sababu ya milio ya majaribio yake. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hataza ya kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki mwaka 1909, na hata kifaa hicho, ambacho hushusha mlio kwa desibeli 20 hadi 30 hivi, hakiwezi kuuzuia mpasuko wa risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, kama ile ya SMG inayotoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde.

Anayekwenda kununua vikinga-masikio hukutana kwanza na herufi na namba. Herufi NRR ni za mfumo wa Marekani, uliowekwa kwa kanuni ya mwaka 1979, na SNR ni za mfumo wa Ulaya unaoambatana na viwango vya EN 352. Namba inayofuata ni desibeli ambazo kikinga kinatarajiwa kupunguza, na kwa vikombe vingi vya kuuzwa madukani NRR huwa kati ya 20 na 31. Mifumo hiyo miwili hupima kwa kanuni tofauti, na kikinga kilekile mara nyingi hupata namba kubwa zaidi ya SNR, kwa hiyo kulinganisha NRR ya kimoja na SNR ya kingine ni kujidanganya: Peltor X5A, kwa mfano, hubeba NRR 31 na SNR 37 kwa pamoja. Namba hizo hupatikana maabarani, juu ya vichwa vya watu waliovalishwa kwa uangalifu, na ndiyo sababu NIOSH ilishauri namba ya vikombe ipunguzwe kwa robo kabla ya kutegemewa, na namba ya viziba vya sponji vinavyoingizwa ndani ya tundu la sikio ipunguzwe kwa nusu. Zaidi ya hapo, lebo ya NRR yenyewe inaonya kwamba kipimo kilifanywa kwa kelele endelevu na kwamba huenda kisionyeshe sawasawa kinga dhidi ya mlio wa ghafla kama wa bunduki, onyo lililoandikwa kwa maandishi madogo na ambalo mwandishi hakupata kumwona mnunuzi akilisoma.

Kuna mwaka ambao chuo kimoja kilipokea shehena ya vikinga vilivyochaguliwa kwa namba peke yake, na namba hiyo ilikuwa kubwa kweli. Vikombe vilikuwa vinene, vizito, na vyenye springi kali, na katika saa ya kwanza ya mazoezi, chini ya jua la saa sita mchana, askari walianza kuviinua kwa kidole upande mmoja ili jasho litoke na hewa iingie, kisha wakavirudisha, kisha wakaviinua tena, na kila mara kulikuwa na mtu kwenye mstari ambaye bado alikuwa na risasi. Hesabu ya desibeli inaonyesha ubaya wa mwenendo huo. Kwa kelele za kiwandani, kikinga cha desibeli 30 kikivaliwa kwa nusu tu ya muda hakitoi kinga zaidi ya desibeli 3, kwa kuwa nishati iliyoingia katika ile nusu isiyokingwa huzidi kwa mbali ile iliyopenya katika nusu iliyokingwa. Kwa bunduki hali ni mbaya zaidi, kwani hapo hakuna wastani wa siku, kuna risasi iliyokuta sikio limefunikwa na risasi iliyokuta sikio wazi. Kiwango cha Ulaya huweka kikomo cha mbano wa utepe kuwa nyutoni 14, na hata ndani ya kikomo hicho kichwa kikubwa hubanwa zaidi kuliko kidogo, kwa hiyo kikinga chenye namba ya wastani ambacho mtu anaweza kukivaa mazoezi yote bila kukigusa kilikuwa, kwa uzoefu wa renji ile, bora kuliko kile kilichosifiwa na boksi.

Hata hivyo tatizo lililochukua muda mrefu zaidi kueleweka halikuwa uzito wala joto, bali kitako cha bunduki. Anayelenga kwa bunduki ndefu hulaza shavu juu ya kitako mpaka jicho, tundu la shabaha na alama vikae kwenye mstari mmoja, na shavu likilala hivyo sehemu ya chini ya kikombe cha upande huo hugonga mbao au plastiki ya kitako, ikasukumwa juu na kuacha mwanya chini ya sikio katika sekunde ileile ambayo kidole kinavuta kifyatulio. Mlengaji hahisi kitu, kwa sababu akiinua kichwa kikombe hurudi mahali pake. Mkufunzi aliyesimama nyuma naye haoni kitu, kwa sababu kila mtu kwenye mstari amevaa. Mwandishi alikuja kuutambua mwanya huo kwa kulala chini kando ya walengaji na kutazama kutoka usawa wa udongo, na kutoka hapo ilionekana wazi kwamba wale wenye mashavu membamba na shingo fupi waliathirika zaidi, na kwamba katika mlalo wa kifudifudi mwanya ulikuwa mkubwa kuliko katika kupiga goti, na katika kusimama ulikaribia kutoweka. Wengine, ili kuepuka kugongwa, walikuwa wameanza kuinua kichwa kutoka kwenye kitako, na shabaha zao zikaharibika, wakaambiwa hawajui kulenga. Dawa yake ni vikombe vyembamba, au vile vilivyokatwa kwa mshazari upande wa chini, ambavyo hutengenezwa mahsusi kwa ajili ya bunduki ndefu na shotigani. Kwa kuwa wembamba hupunguza kinga, anayevitumia na silaha nzito huongeza viziba vya sponji ndani. Kwa bastola, ambayo haigusi shavu, hakuna sababu ya kuukwepa unene, na mlengaji wa bastola anaweza kuchagua kikombe kikubwa apendacho, mradi akivumilie.

Mto laini unaozunguka ukingo wa kikombe ndio unaofanya kazi kubwa, na kitu chochote kinachopita kati yake na ngozi hufungua njia ya sauti. Miwani ya kukinga macho, ambayo renjini ni ya lazima kama vikinga vyenyewe, huacha mwanya mdogo mbele na nyuma ya mkono wake, na hasara yake inaweza kufikia desibeli kadhaa, kwa hiyo inafaa kuchagua miwani yenye mikono myembamba iliyonyooka na mito ya povu laini au jeli inayoweza kuizunguka. Kofia ya ukingo mpana huusukuma utepe wa kichwani nyuma, na bereti ikishushwa upande mmoja huingia chini ya kikombe. Kuhusu nywele, somo lilitoka kwa askari wa kike mmoja, ambaye alipoulizwa kwa nini anashtuka kila jirani yake anapofyatua alijibu kwa adabu: “Afande, vikombe hivi vimekaa juu ya misuko, havijakaa juu ya sikio.” Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa. Misuko minene, mtandio uliokunjwa mara mbili na rasta zilizofungwa kisogoni huyainua mito, na aina yenye utepe unaopita nyuma ya shingo badala ya utosini huwafaa wengi wa watu hao, ingawa kikinga cha namna hiyo huhitaji kamba nyembamba juu ya kichwa ili kisishuke. Mwanamke anayevaa hijabu anaweza kuvaa vikombe moja kwa moja juu ya ngozi na kufunika kwa mtandio juu yake, na chuo kinachotaka wanawake walenge vizuri kina wajibu wa kuwapa mahali pa staha pa kujiandaa hivyo kabla ya kuingia kwenye mstari.

Njia ya kuujaribu mziba haihitaji maabara. Mtu husimama karibu na kelele isiyobadilika, kwa mfano jenereta la kambini, akiwa amevaa vikinga pamoja na miwani na kofia atakayoitumia, kisha hubonyeza vikombe vyote viwili kwa viganja. Kelele ikipungua waziwazi anapobonyeza, basi vikinga havikuwa vimeziba, na inafaa ajaribu ukubwa mwingine, arekebishe utepe, au aondoe kilichopita chini ya mto. Umuhimu wa mziba ulionekana Marekani kwa kiwango kikubwa mno katika kesi za askari waliopewa viziba-masikio vya kampuni ya 3M na ile iliyotangulia kuvitengeneza, Aearo, ambapo walalamikaji walidai kwamba viziba vile vilikuwa vifupi kiasi cha kulegea ndani ya tundu la sikio bila mvaaji kujua. Kampuni haikukiri kosa, lakini mwezi wa Agosti mwaka 2023 ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 kuzimaliza.

Aina ya kielektroniki, yenye vipaza sauti vidogo nje ya kila kikombe na spika ndani yake, ni suala la pekee kwa askari wa wanyamapori kuliko kwa mwanachama wa klabu ya shabaha. Kifaa hicho huchukua sauti ndogo za nje, kama mazungumzo na nyayo, huzikuza na kuzipeleka sikioni, na sauti ya nje inapozidi kiwango fulani, ambacho kwa vifaa vingi ni karibu desibeli 82, ukuzaji hukatwa katika muda wa milisekunde chache na kikombe hubaki kuwa kizuizi cha kawaida. Inafaa ifahamike kwamba umeme haukingi kitu. Kinachokinga ni kikombe na mto, na kifaa chenye NRR 22, kama ilivyo Howard Leight Impact Sport inayotumika sana na wawindaji, hakigeuki kuwa cha 30 kwa sababu kina betri. Faida yake ni ya namna nyingine, nayo ni kubwa. Kwa vikombe vya kawaida amri ya kusitisha ufyatuaji humfikia mlengaji ikiwa imefifia, na wengi huinua kikombe ili waisikie, na hapo ndipo risasi ya jirani aliyechelewa kuisikia huwakuta. Tangu vifaa vya kielektroniki vilipogawiwa kwa wakufunzi na kwa wageni wa mstari, kuinua vikombe kulikaribia kukoma katika mazoezi ambayo mwandishi aliyasimamia, na kwa maoni yake hiyo ndiyo sababu pekee inayotosha kuilipia bei yake, ambayo kwa bajeti za vyuo vya umma si ndogo.

Porini mambo hayajakaa sawa vivyo hivyo. Askari anayefuatilia nyayo za nyati ndani ya vichaka anahitaji kujua sauti inatoka upande gani, na vipaza sauti vya vikombe, hasa vya bei ya chini vinavyopeleka sauti moja kwa masikio yote mawili, hupunguza uwezo huo. Upepo huvuma ndani yake kama dhoruba, na jasho huvisogeza. Kwa hiyo baadhi ya askari wazoefu waliofundishwa na mwandishi waliamua kuvivaa shingoni wakati wa kufuatilia na kuvipandisha wanapokaribia, na wengine walichagua viziba vyenye tundu dogo linalopitisha mazungumzo na kuzuia sehemu ya kilele cha mlio. Hakuna kati ya njia hizo inayoondoa hatari ya mnyama anayetokea ghafla. Lakini risasi ambazo askari hufyatua porini katika maisha yake ya kazi ni chache mno zikilinganishwa na zile za renjini, na karibu zote za renjini zinaweza kupangiwa kinga.

Silaha nzito, bunduki zenye kifaa cha mdomoni kinachogeuza gesi kwenda pembeni, na renji zenye paa au kuta za zege zinazorudisha mlio, zote huhitaji kinga ya pande mbili, yaani viziba vya sponji ndani na vikombe juu yake. Kinga hizo hazijumlishwi. Kiziba cha 30 na kikombe cha 25 havifanyi 55, bali huongeza takriban desibeli 5 hadi 10 juu ya kile kilicho bora zaidi, kwa kuwa kupita kiwango fulani sauti hufika kwenye koklea kupitia mifupa ya fuvu. Nyongeza hiyo ndogo kwa namba ni kubwa kwa nishati, na anayeihitaji zaidi ya wote ni yule ambaye orodha za ugawaji wa vifaa humsahau, yaani mkufunzi, anayesimama nyuma ya kila zamu wakati walengaji hupokezana, na ambaye kwa mwaka mmoja husikia risasi ambazo askari wa kawaida hazisikii katika utumishi wake wote.

Madukani, hasa kwenye mitaa ya vifaa vya ujenzi kama ile ya Kariakoo, vikinga vya mafundi vinaweza kufaa iwapo vina lebo inayosomeka ya NRR au SNR, mito isiyopasuka na springi inayorudi baada ya kupanuliwa. Vile visivyo na alama yoyote ni heri viachwe, hata vikiwa na sura nzuri. Hedifoni za muziki zinazotangazwa kwamba zinazima kelele hazifai kabisa renjini, kwa sababu teknolojia yake hupambana na mngurumo endelevu kama wa injini ya ndege na haiwezi kuuwahi mlio wa ghafla, na pamba kavu, ambayo bado huonekana masikioni mwa watu wazima wenye elimu, huzuia desibeli chache tu. Katika nchi ya joto mito huwa migumu mapema: jasho, mafuta ya nywele na jua la kwenye dashibodi ya gari hukausha plastiki yake, ikapasuka kwa nyufa zisizoonekana mpaka ibanwe kwa kidole. Watengenezaji hushauri ibadilishwe angalau mara mbili kwa mwaka, na mito ya akiba huuzwa kwa bei ndogo kuliko kikinga kipya, kwa hiyo kabla ya kununua aina yoyote ni busara kuuliza kama mito yake inapatikana nchini. Utepe usinyooshwe kuzunguka kiti wala usitundikwe kwenye usukani, kwa sababu springi iliyolegea haioneshi dalili nyingine isipokuwa mziba dhaifu.

Pamoja na vifaa vyote hivyo kila askari anapaswa kupimwa usikivu kabla ya risasi yake ya kwanza, kwa kipimo kinachochora odiogramu, yaani mchoro unaoonyesha sauti ndogo kabisa anayoisikia kwa kila sikio katika masafa mbalimbali, kisha arudie kipimo hicho kila mwaka. Mchoro wa mwanzo ndio unaoipa michoro ya baadaye maana, kwani bonde dogo linapoanza kujichimba karibu na hezi 4,000 katika sikio la mlengaji la upande wa kitako, mkufunzi anajua siku hiyohiyo kwamba kikombe hakizibi, na anaweza kumlaza tena askari huyo kifudifudi, akalala naye kando yake, na kutazama kitako kinapogusa.